Wa presha na sukari watibiwe CTC, kliniki ya wenye VVU? Mimi nasema ndiyo

Wakuu, kila wiki redioni mtaalamu anatuambia tupunguze chumvi, tuache soda, tufanye mazoezi. Sipingi. Ila mama yangu mdogo ana presha, na hayo yote anayajua kuliko mtangazaji mwenyewe. Chumvi ya mezani aliiacha siku nyingi. Kinachomshinda ni vidonge. Akifika zahanati anaambiwa dawa zimeisha, akanunue duka la dawa. Mwezi wenye hela ananunua za mwezi mzima, mwezi mwingine za siku tano tu, na akijisikia vizuri anaacha. Ubaya wa presha ndio huo: haiumi, mpaka asubuhi moja mtu anaamka mdomo umepinda.

Jirani yake anaishi na VVU. Yeye ana kadi, ana tarehe yake, dawa anachukua bure, kama ilivyo CTC zote tangu 2004. Asipotokea anapigiwa simu, au mhudumu anamfuata nyumbani. Ndiyo maana mtaani utamsikia mtu akisema afadhali VVU kuliko sukari. Kauli chungu, lakini haikuzuka tu.

Basi hoja yangu: mfumo uleule, kadi, tarehe na kufuatiliwa, wapewe na wenye presha na sukari, kliniki ileile.

Kuna watakaosema wenye VVU watabanwa. Hili limeshajaribiwa Tanzania na Uganda, vituo 32, wagonjwa zaidi ya 7,000, matokeo yakachapishwa 2023. Walipotibiwa pamoja, wa presha na sukari wengi walibaki kwenye matibabu, na wenye VVU virusi vyao viliendelea kudhibitiwa kama wa kliniki za peke yao.

Unyanyapaa je? Hapo sibishi sana, wapo watakaoona aibu kukaa benchi lile. Ila foleni ikishachanganyika, nani atajua nani kaja na nini?

Inayonisumbua mimi ni hela. ARV kwa sehemu kubwa zimelipiwa na Marekani na Global Fund, mfuko wa kimataifa wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Amlodipine ya presha na metformin ya sukari hazina mfadhili wa namna hiyo. Dirisha moja, huyu anapewa bure, yule anaambiwa alipie: ugomvi utaanzia hapo. Na wafadhili wenyewe siku hizi hawatabiriki. Ningependa kodi ya soda na sigara itengewe dawa hizi waziwazi. Afrika Kusini wanatoza soda kwa gramu ya sukari tangu Aprili 2018, lakini hela inaingia mfuko mkuu wa serikali, na ikishafika huko mgonjwa hana pa kuidai.

Manesi na wafamasia mlioko zahanati, semeni nyie: chumba cha CTC kwenu kinaweza kuongeza watu wangapi? Na mashine ya kupimia presha, inafanya kazi?