Amplifaya ya vali: EL84 moja inaiva nyekundu, kisha fyuzi inakatika

Kizota_Sauti

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma mjini, mezani nina amplifaya ya vali ya kutangazia, zile za kanisani za zamani. Vali zake (zile chupa za kioo zilizotumika kabla ya transista) ni ECC83 mbili, EL84 mbili za kutolea sauti na EZ81 ya kugeuza umeme. Nyuma kuna sehemu ya spika ya ohm 15 na laini ya volti 100 ya spika za mbali. Kichaguzi cha umeme nilikikuta kwenye 200–220, nikakihamishia 225–245.

Nikiwasha inaunguruma mngurumo mnene, hata volyumu ikiwa sifuri. Dakika mbili hivi baadaye EL84 ya kushoto inaanza kuiva: bati la ndani linakuwa jekundu, linaanzia kwenye mshono halafu linaenea. Ya kulia haina hata dalili. Nikichelewa kuzima, fyuzi ya ampia 1 inakatika.

Nilichowahi kupima: pini 3 ya EZ81 volti 262. Pini 3 za EL84 zimeungwa pamoja na kushuka kwenye chasisi kwa resista moja ya ohm 130, pale napata volti 17.2. Hita ni 6.4 za AC.

Kapasita za kupitisha sauti ni za karatasi na nta, 0.1 uF. Kopo kubwa la kapasita za umeme limeandikwa 50+50 uF, 350 V. Nimeshauriwa ninunue jozi mpya ya EL84. Ni sawa?

Vali_na_Risasi

Usinunue vali kwanza mkuu. Ukizichomeka mpya hapo zitaungua vilevile.

Vipimo vyako vinajieleza. Volti 17.2 gawa kwa ohm 130 ni miliampia 132 kwa vali zote mbili. Amplifaya ya aina hii ikiwa nzima, pale hukaa kwenye volti 11 hadi 12, yaani miliampia 85 hadi 92, nusu kwa nusu. Sasa kwa kuwa kathodi (hizo pini 3, mkondo wa vali unakopita) zimeungwa, vali ya kushoto inapovuta kupita kiasi inapandisha volti ya kathodi kwa zote mbili, na ya kulia inazidi kubanwa. Ndiyo maana hiyo imepoa. Haina tatizo, imenyimwa. Karibu mkondo wote unapita kushoto, na zaidi ya miliampia 100 kwenye volti 245 ni wati 24 na zaidi. Kikomo cha bati la EL84 ni wati 12.

Fanya jaribio moja lisilo na gharama. Zima, ngoja zipoe, badilishana nafasi za hizo EL84, washa huku unaangalia. Wekundu ukibaki kwenye soketi ileile ya kushoto, kosa lipo kwenye saketi. Ukihama na vali, hiyo vali ndiyo mbovu. Ukiona rangi tu, zima.

Mimi naweka dau kwenye kapasita ya nta inayokuja pini 2 ya kushoto. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti za DC za anodi (bati) ya ECC83 zisifike kwenye gridi, yaani pini 2, inayodhibiti mkondo wa EL84. Karatasi ikishanyonya unyevu kwa miaka, inavuja. Na mita ya kawaida haitakuonyesha, kwa sababu inapima kwa volti chache mno. Chukua kapasita inayovuja kama resista ya megaohm 20, ambayo mita nyingi zitaisoma kama nzima. Anodi ina volti 180, resista ya gridi kwenda chini ni 470k. Gridi inapata 180 × 0.47 ÷ 20.47, karibu volti 4 chanya. Gridi ambayo ingepaswa kuwa hasi kwa volti 11 ukilinganisha na kathodi sasa ni hasi kwa 7. Vali inafunguka, inaiva.

Usisahau pia kupima hiyo 470k yenyewe. Ikikatika, gridi inaelea na matokeo ni yaleyale.

Bi_Kondoa

Naungana na Vali_na_Risasi kuhusu kapasita, ila ngoja niongeze tahadhari kabla hujafika huko.

Watu hupima uvujaji kwa kuchomoa EL84 zote, kuwasha, na kupima pini 2 ya soketi hadi chasisi. Njia ni nzuri, gridi inatakiwa isome sifuri, na ikizidi nusu volti tupa kapasita. Lakini EL84 zikitoka, hakuna wa kula umeme. Kama transfoma inatoa volti 280 kila upande (pima pini 1 na pini 7 za EZ81 kwa AC), umeme mkubwa (ule wa DC unaotoka EZ81) utapanda hadi 280 × 1.41, yaani karibu 395. Kopo lako ni la volti 350. Kopo la umri huo ukilipa 395 linaweza kupasuka na kumwaga uji wake chini ya chasisi. Kwa hiyo kapasita kubwa zinatangulia, kipimo cha gridi kinafuata.

Huo mngurumo hata volyumu ikiwa sifuri unalisema kopo hilohilo. Ngurumo ya kapasita kubwa zilizokauka ni ya herzi 100, inakwaruza kidogo. Ya herzi 50 ni laini na nzito zaidi, hiyo hutoka kwenye hita au waya wa ardhi.

Weka kapasita mbili za 47 uF 450 V, za nyuzi 105. Zifunge chini ya chasisi kwenye kipande chenye pini za kulehemu, hasi zote zirudi palepale hasi ya kopo ilipokuwa. Kopo liache juu kwa sura, ila kata waya zake zote. Kuliunganisha sambamba na mpya ni kosa, uvujaji wake utabaki palepale.

Na usishawishike kuweka kubwa zaidi. EZ81 inaruhusu 50 uF kwenye kapasita ya kwanza, basi. Ukiweka 220 uF uliyoitoa kwenye TV ya chogo, kila ukiwasha mkondo wa kuijaza utaipiga EZ81 cheche za zambarau, na haitadumu. Tena nyingi za kwenye chogo ni za volti 400, ambazo hapa zingekuwa ukingoni kabisa.

fundi_wa_Mpwapwa

Kwa nini asing'oe EZ81 akaweka dayodi mbili za 1N4007? Zinapatikana kila duka la spea, bei ya pipi.

Bi_Kondoa

Kaka, kwa dharura inawezekana, kwa hii sishauri. Dayodi haipotezi volti kama EZ81, kwa hiyo umeme mkubwa utapanda kama volti 20 hivi. Tena hausubiri vali zipate moto, sekunde ile unapowasha kila kapasita inapigwa na ile 395. Halafu kila dayodi inakabiliwa na volti za kinyume 790, na 1N4007 ni ya 1000. Umeme wetu ukiruka kidogo, nafasi imekwisha. Ukilazimika, weka mbili mfululizo kila upande. EZ81 yake inasoma vizuri, aiache.

Vali_na_Risasi

Kweli kabisa, la kopo nilipaswa kulisema mwanzo.

Kwa kuwasha, tengeneza kwanza globu ya mfululizo: globu ya waya ya wati 100 kwenye njia ya laivu, kati ya ukuta na amplifaya. Iwe ya waya. LED au ya kubana matumizi haifai hata kidogo. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, hujaumiza kitu. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea. Jua tu kwamba volti zote zitasoma chini, hita pia, kwa hiyo vipimo vya mwisho vichukue bila globu.

Kabla ya kuingiza mkono, mwaga umeme wa kapasita kwa resista ya 10k wati 5 yenye waya na klipu, shikilia sekunde tano, kisha pima. Usitumie bisibisi. Na pima tena baada ya dakika, maana kapasita hujirudishia volti kidogo.

Kapasita za kupitisha sauti weka 0.1 uF za plastiki, 630 V, na zote, siyo ya kushoto peke yake. Kathodi nayo ina kapasita ya 50 uF 25 V sambamba na ile ohm 130: weka 47 uF 63 V. Ikishoti ile, vali zote mbili huiva. Resista ya 130 imechemka muda mrefu, ipime ikiwa imenyanyuliwa mguu mmoja. Ikihama zaidi ya asilimia 10 weka mpya ya wati 5.

Spika isikose wakati wowote ukiwa umewasha na sauti inapita. Kama spika za laini ziko kanisani, funga resista ya 1k wati 20 kwenye laini ya volti 100. Ukiendesha bila mzigo, volti za transfoma ya sauti zinapanda na kuchoma waya wa ndani, na hiyo ndiyo spea ambayo hutaipata Majengo wala Kariakoo.

mjukuu_wa_fundi

Naomba nisisitize waya wa umeme. Amplifaya nyingi za wakati ule zilikuja na waya wa njia mbili. Maikrofoni ya chuma, ngao yake imeungwa na chasisi, mhubiri anaishika kwa mkono. Transfoma ikivuja, ni yeye anayepigwa. Weka waya wa njia tatu, waya wa ardhi uwe na bolti yake peke yake kwenye chasisi, rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae. Fyuzi ya plagi iwe ya ampia 3, ile ya 13 inayokuja na plagi itoe. Ukiona kapasita ndogo kati ya laivu na chasisi, ikate.

Vumbi letu jekundu lipeperushe kwa brashi kavu ya rangi, hasa kuzunguka pini 7 za EL84, palipo volti kubwa. Likikaa kavu halina neno, ila mvua zikianza Desemba linashika unyevu na umeme unaanza kutambaa juu ya soketi. Vali usizifute kwa spiriti, maandishi yanatoka na hutajua tena ipi ni ipi.

Kizota_Sauti

Wakuu, nashukuru sana. Matokeo:

Wekundu ulibaki soketi ya kushoto nilipobadilishana vali. Nimeweka 47 uF 450 V mbili. Nikachomoa EL84, pini 2 ya kushoto ikasoma volti 5.6 chanya, ya kulia 0.3. Kapasita zote nne za sauti nimebadilisha, sasa zote mbili ni 0.00. Waya wa njia tatu upo.

Bila globu, EL84 zikiwa ndani: EZ81 pini 3 volti 308, kathodi 11.4. Nimekaa nayo gizani nusu saa, hakuna wekundu. Umebaki mngurumo laini sana, na unaongezeka nikipandisha volyumu ya maikrofoni tu. Resista ya anodi ya ECC83 ya kwanza, 100k, inasoma 128k, na kuna mkwaruzo kama mafuta ya kukaangia.

Vali_na_Risasi

Safi sana. 11.4 kwa 130 ni miliampia 88, kila vali 44. Toa kama 5 za skrini (gridi ya pili ya vali), bati lina 39 kwenye volti 290, yaani wati 11.3. Ni halali, ila karibu na 12, na usiku umeme ukipanda itavuka. Weka ohm 150 wati 5 badala ya 130, hutasikia tofauti ya sauti na vali zitapumua.

Mkaango ni hiyo 128k. Weka 100k ya filamu ya chuma, wati 1. Mngurumo unaofuata volyumu umeingia kabla ya volyumu, kwa hiyo badilishana hizo ECC83 mbili kwanza. Ukitulia, vali ya mwanzo ilikuwa inavujisha kutoka hita kwenda kathodi, na nafasi ya pili itaivumilia. Usipotulia, angalia ngao ya waya wa maikrofoni ifungwe chasisi upande mmoja tu, kwenye soketi ya kuingilia.