Jaji wa barua ya siri na jaji wa televisheni: yupi afadhali?

Mzee wa Kibokoni: Wanangu, jana barazani kahawa ilitupoa vikombeni kwa ubishi. Enzi ya Mngereza hapa Kenya, Gavana aliandika London kwa siri kwamba fulani anafaa ujaji, na Wizara ya Makoloni ikaamua. Leo Tume ya Utumishi wa Mahakama yamkalisha mtu kitini, nchi nzima yamtazama akitokwa jasho. Mimi nasema ile barua ilikuwa na stara yake. Aliyeiandika alishamwona mtu kazini miaka.

Wakili Mchovu: Stara ya nani, mzee? Kenneth O'Connor alikuwa Jaji Mkuu Jamaica, 1954 akahamishiwa kwetu kama karani wa posta. Tena jaji wa koloni alikaa kwa ridhaa ya Mfalme tu. Terrell, jaji wa Malaya, alistaafishwa kabla ya wakati wake Wajapani walipoiteka nchi. Akashtaki, na 1953 mahakama ya Uingereza ikamwambia hana dai. Jaji wa namna hiyo atamkera Gavana?

Dada wa Likoni: Na Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu alingoja hadi 1963!

Wakili Mchovu: 1968, dada. Kitili Mwendwa. Wa 1963 ni Njonjo, na yeye alikuwa Mwanasheria Mkuu.

Dada wa Likoni: Shukran. Basi miaka mitano baada ya bendera kupanda. Umenikosoa ukanitilia nguvu.

Mtoto wa Bara: Nyinyi wa Pwani mnalia nini? Mlikuwa na makadhi wenu. Na wao si waliwekwa na huyo huyo Mzungu? Hata baada ya uhuru mkaletewa Kadhi Mkuu mgeni kutoka Zanzibar.

Mzee wa Kibokoni: MGENI? Sheikh Abdallah Saleh Farsy mgeni Mombasa? Kijana, futa neno hilo.

Wakili Mchovu: Jamani, tulikuwa kwa Terrell.

Bi Mkubwa Makadara: Muache Terrell alale. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea pale Ngomeni, Fort Jesus, mpaka 1963, na mahakama za kadhi ziko kwenye mapatano ya Kenyatta na Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, ya Oktoba mwaka huo. Sasa Mzanzibari awe mgeni hapa kwa hesabu gani? Na hao "waliowekwa na Mzungu", Sheikh Al-Amin Mazrui alikuwa na gazeti lake akikemea watu kuiga Uzungu, na 1937 akawa Kadhi Mkuu. Huyo ndiye kibaraka?

Mtoto wa Bara: Sijasema kibaraka. Nimesema aliwekwa.

Dada wa Likoni: Lakini bi mkubwa, ana hoja. Mkono uliompa kiti si ule ule?

Bi Mkubwa Makadara: Nawe pia? Haya, kumbe wa Likoni mmeshavuka feri mkasahau kwenu.

Dada wa Likoni: Feri imeingiaje hapa?

Mzee wa Kibokoni: Mimi nangoja neno "mgeni" lifutwe. Sitoki.

Mtoto wa Bara: Nimekaa Kisauni miaka 12, wanangu wanasema "yakhe" kunishinda, na kila nikiuliza bei sokoni naambiwa "huyu wa bara". Leo mwajua neno hilo linauma?

Mzee wa Kibokoni: Hilo jengine. Sokoni gani hilo?

Mtoto wa Bara: Kongowea.

Mzee wa Kibokoni: Kongowea hata mimi wanipiga bei, mwanangu.