Porsche ya kwanza ni ipi: Type 64 ya 1939 au 356 ya 1948?

Kabureta2
Agosti 2019 huko Monterey, Marekani, RM Sotheby's waliinadi Type 64 kama gari kongwe kuliko yote yenye jina la Porsche. Dau liliishia dola milioni 17, gari halikuuzwa. Kwangu hiyo ni Volkswagen iliyovishwa bodi ya mashindano. Iliundwa kwa ajili ya mbio za Berlin hadi Roma, zilizopangwa Septemba 1939, ili kuitangaza Volkswagen. Vita vikazifuta. Chini kuna injini ya Volkswagen, 985 cc, iliyoongezwa nguvu tu. Aliyeagiza na kulipa si Porsche.

Spana13
Mkuu, kwa kipimo hicho hata 356 inaanguka. Giaboksi, usukani, sasupensheni ya mbele na breki za waya, vyote vya Volkswagen. Halafu tazama bodi. Erwin Komenda ndiye aliyechora zote mbili, na Reutter wa Stuttgart waliofinyanga alumini ya Type 64 ndio waliopewa bodi za 356 kampuni iliporudi Stuttgart mwaka 1950. Ukoo ni mmoja. Herufi za PORSCHE puani mwa Type 64 aliziweka Ferry Porsche mwenyewe, mtoto wa mwanzilishi Ferdinand Porsche.

FremuBomba
Aliziweka baada ya vita, Spana13, wakati gari limeshakuwepo miaka kadhaa. Herufi hazibadilishi fremu.

Tofauti iko hapa. 356 Na. 1, yaani 356 ya kwanza kabisa, iliyopata kibali cha barabarani cha jimbo la Carinthia, Austria, tarehe 8 Juni 1948, ina fremu ya mabomba iliyobuniwa upya kabisa. Uzito kilo 585, injini 1131 cc, nguvu farasi 35, mwendo kama kilomita 135 kwa saa. Injini iko mbele ya ekseli ya nyuma. Kufika hapo, injini na giaboksi ya Volkswagen vinageuzwa pamoja, mbele nyuma. Usipohamisha gia kubwa ya difrensho (kifaa kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili) upande wa pili, gari litakuwa na gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Hiyo ni kazi ya kubuni gari, si kubadilisha bodi.

Spana13
Sawa, lakini mbona fremu hiyo waliiacha mara moja?

FremuBomba
Kuchomelea mabomba kunakula muda na pesa, na injini katikati inameza nafasi ya mizigo na viti vya nyuma. Wangeuza nini?

GmundKaratasi
Basi jibu mmelipita. Na. 1 ilibaki moja. Gari ambalo kampuni iliamua kulitengeneza na kuliuza ni 356/2: fremu ya boksi ya bati la chuma, injini nyuma ya ekseli, bodi ya alumini iliyogongwa kwa nyundo juu ya umbo la mbao. Yote yakifanyika Gmünd, Austria, kwenye kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao, na hesabu haikuzidi sana hamsini. Ofisi ya Porsche ilikuwa ikichora magari ya wengine tangu 1931. Ilianza kuwa mtengenezaji hapo.

Kabureta2
Na. 1 nayo iliuzwa, ndugu, ilikwenda Uswisi. Ukisema mauzo ndiyo kipimo, bado inatangulia.