Mtengenezaji mdogo wa kamera anaishije soko linapozidi kupungua?

Mpiga Picha wa Harusi (swali):
Wanajamvi, salaam. Mwaka 2010 watengenezaji wa Japani walipeleka sokoni kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hawakufikisha hata milioni 8, kwa sababu simu zimemeza karibu soko lote la kamera za mfukoni. Canon na Sony wana mtaji wa kuhimili anguko la namna hiyo. Je, wadogo kama Leica, Sigma na Pentax wanaponea wapi? Naomba tuzungumzie biashara yenyewe, si uzuri wa picha.

Mhasibu Mpenda Picha:
Ndugu, nionavyo mimi mdogo hunusurika pale anapoacha kumkimbilia mteja ambaye simu imekwisha kumtosheleza. Mwaka 2005 Leica ilikaribia kufilisika, ikanusuriwa na fedha za mwekezaji kutoka Austria, Andreas Kaufmann, kisha ikathubutu kutengeneza vitu ambavyo kampuni kubwa ingeviona hasara tupu: mwaka 2012 ilitoa M Monochrom, kamera ya kidijitali isiyopiga picha za rangi kabisa, na mwaka 2018 ikatoa M10-D, ambayo nyuma haina kioo cha kutazamia picha. Kamera ya aina hiyo haihitaji wanunuzi milioni moja, bali wachache walio tayari kulipa bei kubwa. Tena, lenzi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera yake ya M3 ya mwaka 1954 zinafunga kwenye kamera zake za M za leo, kwa hiyo mnunuzi anajua fedha yake haipotei. Hata simu zenyewe zinailipa: tangu 2016 jina la Leica limeonekana kwenye simu za Huawei, na baadaye za Xiaomi.

Muuza Lenzi:
Nakubaliana nawe kwa sehemu tu. Leica inauza jina lililojengwa tangu mwaka 1925, na jina kama hilo halinunuliwi dukani. Mfano unaofaa zaidi ni Sigma, kampuni ya familia yenye kiwanda Aizu, Japani, ambayo mkate wake ni lenzi zinazofungwa kwenye kamera za wengine. Mwenye Sony au Canon ni mteja wake pia. Kwa kuwa lenzi ndizo zinazobeba gharama, iliweza mwaka 2025 kutoa Sigma BF, kamera ambayo bodi yake huchongwa kwa takriban saa saba kutoka katika bonge moja la alumini.

Fundi wa Pwani:
Nawaheshimu nyote, ila mmesahau spea. Huku kwetu hewa ya bahari hujaza lenzi ukungu, na kuusafisha ni kazi ninayoimudu. Juzi nilifungua kamera ya mteja nikakuta kigurudumu kimoja cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mchele, kimevunjika. Mtengenezaji alikwisha kuacha kutoa vipuri vyake, na kamera nzima ikawa pambo. Pentax, iliyo chini ya kampuni ya Ricoh, ilipounda Pentax 17 ya mwaka 2024, kamera inayotumia filamu inayovutwa kwa kidole gumba, wahandisi wake vijana waliwaendea wazee waliostaafu ili wafundishwe namna ya kuunda mtambo wa kuvuta filamu, maana ujuzi huo ulikuwa unapotea. Mimi ningenunua kwa kampuni inayotunza ujuzi wake hivyo, mradi iniuzie na hicho kigurudumu miaka 20 baadaye.