Tupeane uzoefu: umewahi kuvamiwa na mtu mrefu na mzito kuliko wewe? Ulijinasuaje?

Andunje

Wakuu, salaam.

Nina sentimita 160 na kilo 56 nikiwa nimeshiba. Nimefungua uzi huu kwa sababu maelezo mengi ya kujihami ninayoyasoma huchukulia kwamba wewe na anayekuvamia mnalingana. Mkorofi hachagui hivyo. Hutazama kwanza nani atamweza, ndipo ujasiri unampanda. Kwa hiyo sisi wafupi tukivamiwa, karibu kila mara anayetuvamia anatuzidi ubavu.

Naomba waliokutwa na hali hiyo waeleze: jamaa alikuwa na mwili gani, alikushikaje, ulifanya nini, na kipi ulijaribu kikagoma. Hilo la mwisho msiliruke. Hadithi za "nilimpiga teke moja akazimia" mtuwekee mbali.

Naanza mwenyewe. Njemba moja iliamini nimempiga picha akiwa na mwanamke aliyekuwa naye. Kabla sijamaliza kujieleza akanikunja shati kwa mikono miwili, karibu na koo, akanigandamiza ukutani. Nikarusha ngumi, ikaishia hewani. Mikono yake ikinyooka, mimi simfikii uso hata kwa ncha za vidole. Wala hakuwa na haraka.

Kilichonitoa ni hiki: niliingiza kidevu kifuani, nikainua mkono wa kulia wima mpaka bega likagusa sikio, kisha nikageuka mwili mzima kuelekea kushoto huku kwapa likishuka juu ya mikono yake. Kazi ilifanywa na nyonga na mgongo, mkono ulikuwa unafuata tu. Shati likachanika, vidole vikaachia, nikatimua mbio. Ukijaribu kwa nguvu za bega peke yake hutoki.

Sibishani

Mkuu, hadithi yako naiamini kwa sababu imeishia na mbio. Wengine hapo wangesema walibaki wakamtia adabu.

Ila niseme mapema kabla walimu wa mapigano hawajafika: kilo ni kilo. Ndondi, mieleka, judo, zote zinawapima watu kwenye mizani kabla ya kuwapambanisha. Kama ufundi ungetosha, mizani ya nini?

Tatami

Nimefika, Sibishani, na nakukubalia nusu.

Mimi ni mtu wa judo, daraja la kilo 60. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 pale Tokyo, alikuwa mwenyewe mtu mdogo wa mwili, na mchezo wake aliujenga juu ya wazo la kutumia nguvu ya mwenzako badala ya kupingana nayo. Watu wakalitafsiri wazo hilo kwamba uzito si kitu. Mwaka 1961 Anton Geesink wa Uholanzi, mtu wa karibu mita mbili, akatwaa ubingwa wa dunia, wakati huo hakuna madaraja ya uzito. Judo ilipoingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 iliwekewa madaraja matatu ya uzito pamoja na la wazi, yaani la mtu wa uzito wowote. Hilo la wazi alilichukua nani? Geesink yuleyule. Mtu mkubwa akiwa na ufundi pia, mdogo ana kazi ngumu mno. Ahueni yetu ni kwamba wakorofi wengi wana ukubwa tu.

Kisa changu: mfanyakazi mwenzangu, mrefu na mzito, tuligombana akanisukuma kifuani kwa mikono miwili. Nikamwingia kumbeba nyongani, akanilalia kama gunia. Kumbeba mtu aliyesimama imara amekuzidi kilo 30 ni kutafuta kiuno kibovu. Aliponyanyuka na kuja tena mbio, sikumpinga. Nilitoka kwenye njia yake kwa kugeuka upande, nikamvuta shati kuelekea kule alikokuwa anakwenda, nikampiga mtama kwenye mguu uliokuwa unataka kukanyaga chini. Akaenda mwenyewe. Siri yote iko kwenye wakati: mguu ukiwa hewani au ndio kwanza unagusa chini, hata mtoto anaweza kuupitisha. Ukishabeba uzito umechelewa.

Na yeye akianguka, usimfuate chini. Ondoka.

Konde la Kushoto

Upande wa ngumi ni hivi. Kuna umbali wa aina tatu. Kuna nje, ambako hakufikii. Kuna katikati, ambako yeye anakufikia na wewe humfikii. Na kuna ndani, kifua kwa kifua, ambako mikono yake mirefu haina nafasi ya kunyooka. Mfupi anaumia pale katikati. Aidha uwe nje kabisa au ndani kabisa, na ule wa katikati uuvuke haraka umeinamisha kichwa, mikono imefunika mashavu.

Mnamkumbuka Mike Tyson? Alikuwa bingwa wa uzito wa juu mwaka 1986 akiwa na miaka 20, na kimo chake ni kama sentimita 178, mfupi kwa daraja lile. Karibu wapinzani wake wote walimzidi kimo. Alikuwa akiyumbisha kichwa, anapita chini ya mkono, akishafika ndani anapiga mbavu kwanza, kichwa baadaye.

Sibishani

Tyson alikuwa na kilo 100, mkuu. Tumpe Andunje kilo 44 zilizobaki halafu tuendelee.

Konde la Kushoto

Hahaa, haya. Ila habari ya umbali inabaki palepale kwa kilo zozote. Na kitu kingine: usipige fuvu kwa ngumi isiyo na glovu. Mifupa ya kiganja upande wa kidole kidogo huvunjika kirahisi sana, na fuvu halina habari. Tumia kiganja wazi, ile sehemu nene ya chini, kutoka chini kwenda juu kwenye kidevu au pua. Kwa mtu mrefu ndiyo njia ya asili, maana wewe tayari uko chini.

Mama wa Zamu

Wadogo zangu, nyie mnaongelea ngumi. Mimi ni muuguzi, na kazi yetu hairuhusu kumpiga mtu. Wanaotushika ni wagonjwa waliochanganyikiwa, ndugu waliofiwa, na walevi wa usiku. Mimi ni mwembamba, na kwa miaka yote nimeshikwa na watu wakubwa kuliko mlango.

Mbaya kuliko yote ni kushikwa nywele. Mwanamume mmoja alinidaka nyuma ya kichwa akawa ananivuta kuelekea ukutani. Mwili unakuambia uvute kwenda mbali, na ukifanya hivyo ngozi ya kichwa inatoka na shingo inaumia. Tulifundishwa kinyume chake: weka viganja vyako vyote viwili juu ya ngumi yake, ukandamize kwa nguvu kwenye kichwa chako. Ukikandamiza hivyo hawezi tena kukuvuta kwa nywele, inabidi auvute mkono wake na kichwa kwa pamoja, na maumivu yanapungua papo hapo. Kisha sogea KARIBU naye, huku ukimgeukia. Mimi niliinama, nikageuka chini ya mkono wake, kifundo kikapinda, akaachia. Wakati wote nilikuwa napiga kelele. Kelele zile ndizo zilizoleta walinzi, msizidharau.

Kilichogoma: kumwomba aniachie. Nilimwomba kwa sauti ndogo ya upole niliyozoea kuwaambia wagonjwa, hakusikia hata neno. Mtu aliyepandwa na hasira masikio yanaziba. Neno moja fupi, kwa sauti ya tumboni: "ACHA!" Hilo linaingia.

Twiga_Mpole

Naomba kuingia kwa upande wa pili. Mimi ni mita 1.95, kilo 110. Sijawahi kumvamia mtu, lakini nimewahi kuvamiwa na wafupi wenye kiherehere, na kwenye mazoezi natumika kama mti wa kujifunzia. Niwaambie kinachotusumbua na kisichotusumbua.

Kunisukuma kifuani hakunisumbui. Kunipiga tumboni nikiwa nimekaza, hivyo hivyo. Kunirukia shingoni ni zawadi, unakuwa umejiletea mwenyewe na miguu yako haiko chini.

Kinachoniumiza: ugoko. Teke la ukingo wa kiatu kwenye ugoko, kisha kisigino kishuke mpaka juu ya mguu, sina la kufanya. Magoti vilevile, watu wa kilo zangu magoti yetu tayari yana malalamiko. Ila goti usilipige kwa mzaha au mazoezini, likikatika upande halirudi lilivyokuwa. Jambo jingine ni pumzi. Mwili huu unakula hewa nyingi. Baada ya dakika moja ya kukurupushana nakuwa nahema, na mfupi anayezunguka zunguka bila kushikika ananimaliza bila kunigusa.

Na mtu aliyeganda chini ya kidevu changu, kichwa kifuani, mikono imenizunguka kiunoni? Simwoni vizuri, siwezi kumpiga ngumi ya maana. Ninachoweza ni kumlalia. Kwa hiyo ukiingia, usikae hapo.

Kuhusu sehemu za siri ambazo kila mtu anashauri: kila mwanamume amejilinda huko tangu utotoni. Mkono unashuka wenyewe, mapaja yanafunga. Ukianza na hilo nitaliona linakuja. Likitanguliwa na kitu kingine usoni, hapo tunaongea lugha moja.

Andunje

Mkuu Twiga, hii ndiyo niliyoitaka. Hakuna anayewauliza nyie.

Binti_Mkeka

Hakuna aliyegusa ya kuangushwa chini ukakaliwa, na kwa sisi wanawake ndiyo hofu kubwa.

Nafanya jiujitsu, mchezo wa kukabana na kukunjana viungo mkiwa chini. Watu wanapenda kumtaja Royce Gracie, aliyeshinda UFC ya kwanza, mashindano ya mapigano ya mitindo mchanganyiko, kule Denver mwaka 1993 akiwa na kilo kama 80 bila madaraja ya uzito, na mwaka 2004 akamkunja bega Akebono, mcheza sumo (mieleka ya Kijapani) wa zaidi ya kilo 200, mpaka akasalimu amri. Ni kweli yote. Lakini palikuwa na refa, mkeka laini, na hakuna rafiki wa Akebono anayekuja na tofali. Nayataja tu kuonyesha kwamba kuwa chini si mwisho.

Kwenye kisa changu, aliyenikalia alikuwa ndugu wa ukoo, kwa hiyo sitasema mengi. Alinikalia tumboni. Kosa ambalo kila mtu hufanya ni kunyoosha mikono kumsukuma kifua. Mikono inachoka, na mikono iliyonyooka ndiyo inayokamatwa. Viwiko vibaki vimebana mbavuni. Nilikunja magoti nyayo zikagusa sakafu karibu na makalio, nikanasa mkono wake mmoja na mguu wa upande huohuo, nikainua nyonga ghafla kuelekea bega la upande huo. Akapoteza mhimili, akaangukia mkono. Hakupinduka kabisa, alikuwa mzito mno. Lakini nilipata nafasi ya kulala ubavu, nikasukuma nyonga zangu nyuma, nikaingiza goti kati yetu, halafu nyayo zote mbili kwenye nyonga zake. Miguu ya mtu mdogo mara nyingi ina nguvu kuliko mikono ya mtu mkubwa. Nilimsukuma kwa miguu, nikainuka, nikatoka nje nikaita watu.

Na nilimsema. Hadharani.

Mlinda_Mlango

Binti, heshima yako.

Mimi ni baunsa, na niseme kitu ambacho kitawachosha wapenda mapigano: ugomvi mwingi wa watu wakubwa unaisha kabla haujaanza, kama utampa mtu njia ya kuondoka bila kuaibika. Simama kwa upande kidogo, si kifua mbele. Viganja wazi usawa wa kifua, kama unamtuliza. Ukitazamwa na mashahidi unaonekana mpole, na mikono yako tayari iko juu ikihitajika. Usimnyooshee kidole. Usimwambie "tulia", linachochea. Umbali uwe ni ule ambao akitaka kukugusa lazima apige hatua. Hatua hiyo ndiyo taarifa yako. Jua mlango uko wapi, na usisimame wewe ukaziba njia yake ya kutokea.

Akitoa kisu, sahau yote yaliyoandikwa hapo juu. Kimbia, weka meza au gari kati yenu. Simu na pochi mpe, vitupe upande mmoja na wewe ukimbilie mwingine.

Na ukishajinasua, acha. Teke la ziada kwa mtu aliye chini ndilo linalokugeuza kutoka mlalamikaji kuwa mshtakiwa.

Sibishani

Baunsa anashauri watu wakimbie. Sina la kubisha leo.

Andunje

Swali dogo kabla watu hawajalala. Ukishikwa kifundo cha mkono tu, na mtu mwenye kiganja kinachokizunguka mara mbili? Kuvuta nimejaribu, anacheka.

Mama wa Zamu

Usivute kuelekea kwako, mdogo wangu, hapo unashindana na vidole vinne. Upande dhaifu ni pale kidole gumba kinapokutana na vingine. Kunja ngumi, ishike ngumi yako hiyo kwa mkono ulio huru, piga hatua moja kumsogelea kiwiko chako kikielekea mbele, kisha ng'oa mikono yote miwili kwa pamoja kupitia upande wa gumba lake. Hatua ndiyo muhimu, usiiache. Mtafute mtu mkubwa unayemwamini akushike kweli, asikuonee huruma, ufanye mpaka mkono usitafute njia. Kushoto na kulia.