Naomba ushauri: retingi za watoto wanaoanza chesi

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Nafundisha chesi watoto wanaoanza kabisa, wale bado wanaacha malkia analiwa bure, na tangu Machi 2024 FIDE (shirikisho la chesi la dunia) walipopandisha kiwango cha chini cha retingi (namba ya kupima uwezo wa mchezaji) kutoka 1000 hadi 1400 hawa wangu ndo hawaonekani kokote. Nimejaribu kuwapigia Elo (hesabu ya kutoa retingi kutokana na matokeo ya mechi) yetu wenyewe kwenye Excel, wote wanaanza 1200, K (pointi nyingi zaidi mtu anazoweza kupanda au kushuka kwa mechi moja) ni 40, ila shida mtoto mgeni akija naye anapewa 1200 halafu anafungwa na kila mtu, anagawa pointi tu, wenzake wanapanda wakati uchezaji ni uleule, na inaniuma maana wanaziamini sana hizo namba. Sasa mgeni nimwanzishie ngapi? Na niweke kikomo cha chini au niache mtu ashuke hata chini ya 100?