Tunahamia Geneva: watoto wasome shule ya kimataifa au ya serikali?

Mama wa Njiro, Arusha
Habari za leo, ndugu zangu. Mume wangu amepata mkataba wa miaka mitatu Geneva, Uswisi, na tunatarajia kuhama Agosti. Binti yetu ana miaka 15, yuko Kidato cha Pili, na mdogo wake wa kiume ana miaka 9. Mwajiri atalipa sehemu tu ya ada, na hatuwezi kuwasomesha wote wawili shule ya kimataifa bila kuuza kiwanja chetu cha Usa River. Hofu yangu kubwa ni siku ya kurudi, nisije nikarudi na watoto wasio na pa kuingia. Naomba ushauri wa waliopita njia hii.

Mzazi wa Shanty Town, Moshi
Dada yangu, kiwanja usiuze. Tuliishi Geneva miaka minne, na ninakuomba usiwapime watoto hawa kwa kipimo kimoja. Mdogo mpeleke shule ya serikali, ambayo haina ada, na ambako mtoto asiyejua Kifaransa hutengewa darasa la mapokezi la kujifunza lugha. Sisemi ni rahisi. Mwanangu aliingia akiwa na miaka minane; daftari lake la imla lilijaa wino mwekundu hadi pembeni, na jioni alilifunika kwa mkono ili nisilione. Kila Jumatano mchana, wakati shule za msingi za kule hazina masomo, nilikaa naye tukisoma neno kwa neno. Ilipofika Pasaka, yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wangu sokoni.

Mwalimu wa Sakina, Arusha
Naunga mkono, ila kwa binti hali ni nyingine. Kuanza Kifaransa akiwa na miaka 15, huku akikabiliwa na fizikia na historia kwa lugha hiyohiyo, ni mzigo ambao nisingemtwika mwanangu. Fedha mlizonazo zielekezeni kwake. Mtafutieni shule ya Kiingereza yenye mtaala wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate), ulioanzishwa hukohuko Geneva mwaka 1968, kisha hesabuni miaka: mwaka mmoja wa kumalizia ngazi ya kati ya IB, miwili ya Diploma, yaani ngazi yake ya mwisho ya sekondari, na mkataba unakwisha akiwa na cheti mkononi. Diploma hiyo ina masomo sita na insha ya utafiti, na alama zake za juu kabisa ni 45. Mkirudi, matokeo mtayapeleka NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, yalinganishwe na ya hapa nchini. Mkataba ukikatika mapema, shule ya kimataifa ya UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha, inafundisha IB, japo ada yake nayo si ndogo. Kabla ya kulipa ada ya usajili, ambayo mara nyingi hairudishwi, ulizeni kwa maandishi kama shule imeidhinishwa kufundisha ngazi zote mbili.

Mama wa Njiro, Arusha
Mmenitua mzigo, ahsanteni sana. Na Kiswahili chake je? Anakipenda mno, hasa ushairi.

Mwalimu wa Sakina, Arusha
Hakipotei, Mama. Katika Diploma, shule isiyo na mwalimu wa lugha ya mwanafunzi inaweza kumruhusu asome fasihi ya lugha hiyo kwa kujisomea, chini ya usimamizi wa shule. Liulizeni na hilo katika barua hiyohiyo, na diwani zake msiziache Njiro.